Naimba bila kukwama, lakini kusema kunanishinda: je, nishuhudie kwamba nimepona?

Mama Mshauri,

Bwana asifiwe. Barua hii imechukua siku kumi na moja. Kila jioni nimetafuta maneno machache, binti yangu anayesomea ualimu akayaandika na kunisomea, nami nikamsahihisha kwa kichwa na kwa mkono mpaka sentensi ikawa ile niliyoikusudia. Naomba jina langu na la kanisa letu yasitajwe.

Nina miaka 47, nakaa Kadutu hapa Bukavu, ninauza vitenge, na kwa miaka kumi na tisa nimeongoza kwaya katika kanisa la Kipentekoste. Sikuwahi kulazwa hospitalini isipokuwa kwa kujifungua. Asubuhi moja, miezi saba iliyopita, nilikuwa nikimimina chai birika likaniponyoka. Nikataka kumwambia mume wangu kwamba mkono umekufa ganzi, lakini kilichotoka mdomoni hakikuwa neno la lugha yoyote. Watoto walicheka, wakidhani ninawachezea. Kisha binti yangu akaona mdomo umekwenda upande, akapiga yowe. Gari halifiki kwetu kwa sababu ya mteremko, kwa hiyo vijana wa jirani walinikalisha kwenye kiti cha mbao wakanibeba mpaka barabarani.

Waliponipima walikuta shinikizo la damu, au tansio kama tunavyosema hapa, limefika 220 kwa 120. Sikujua kamwe kwamba ninalo. Picha ya kichwa ilionyesha kwamba donge la damu limeziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo, na daktari akaeleza kwamba hicho ndicho kiharusi, na kwamba ndiyo sababu mkono na mguu wa kulia vimelegea na usemi umepotea. Gharama zilitushinda. Benki za mji zilikuwa zimefungwa tangu Februari 2025, na akiba ya mume wangu ilikuwa humo. Ni kanisa lililotuokoa: wanakwaya, akina mama wa maombi, hata wajane, walituma kwa simu walichokuwa nacho, na sehemu kubwa ya deni ikalipwa nao. Bila wao nisingeruhusiwa kutoka.

Siku ya sita wanakwaya walikuja kuniona, wakaanza kuimba polepole kando ya kitanda. Mama, asubuhi hiyo nilikuwa nimeshindwa kutaja jina la mtoto wangu wa mwisho. Walipofika ubeti wa pili nilijikuta ninaimba nao, maneno yote, mpaka mwisho wa wimbo. Watu walilia, na muuguzi aliyekuwa akibadilisha chupa ya dawa akalia pia. Jioni mchungaji alikuja, akanipaka mafuta na kuniombea. Tangu siku hiyo nilijua kwamba Mungu hajaniacha, na ujuzi huo ndio ulionibeba usiku ambao nilikuwa nikiogopa hata kulala.

Baadaye mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniambia kwamba jambo hilo linajulikana. Alisema kwamba usemi kwa kawaida hukaa upande wa kushoto wa ubongo, lakini wimbo hubebwa pia na upande wa kulia, ambao kwangu haukuguswa. Aliyasema kwa wema, lakini nilirudi nyumbani kama mtu aliyeibiwa.

Sasa natembea, na Jumapili ninaimba huku mkono wa kulia nimeuficha ndani ya kitenge. Wanaonisikia wanasema nimepona. Hawajui kwamba nikitaka kusema “kikombe” ninasema “mlango”, na kwamba baada ya ibada ninalala mpaka jioni kwa uchovu. Mchungaji ameandaa ibada ya shukrani mwezi ujao, amealika makanisa jirani, na anataka nishuhudie kwamba Mungu ameniponya kabisa. Mama anayeongoza chumba cha maombi ameniambia kwamba ameonyeshwa nimeshika kamba mbili, na kwamba vidonge vyangu ni kutegemea Misri. Anataka nivilete mbele ya madhabahu siku hiyo. Niliogopa, nikaviacha kwa siku tisa. Binti yangu alipogundua alinipeleka kituo cha afya, wakakuta 190 kwa 110. Nimeanza kuvimeza tena, lakini ninavificha kwenye kopo la maziwa ya unga kama mwizi.

Mume wangu ananiambia, “Sema tu kwamba umepona, nani atapungukiwa? Watu hawa walitulipia.” Je, imani yangu ni ndogo? Nishuhudie, ninyamaze, au nifanye nini?

Mama wa kwaya, Kadutu

*

Mama wa kwaya mpendwa,

Bwana asifiwe sana. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale kwenye kopo la maziwa. Nimewatembelea wagonjwa wengi wa mji huu, na nimeona dawa zikifichwa chini ya godoro, ndani ya kiatu, hata katikati ya kurasa za Biblia, na karibu kila mara aliyezificha alikuwa mtu mwenye imani iliyozidi ya wale aliokuwa akiwaficha. Mpe pole pia binti yako kwa kazi ya siku kumi na moja. Natamani kila mgonjwa angepata mwandishi mwenye subira ya namna hiyo.

Nikikuelewa vizuri, umebeba mizigo mitatu ambayo imefungwa kwa kamba moja, na ndiyo maana ni mizito. Unadaiwa ushuhuda ambao sehemu yake si ya kweli, na wanaoudai ni watu waliokuokoa. Unatakiwa kuchagua kati ya maombi na vidonge. Na chini ya yote hayo, ingawa umeligusa kwa maneno machache tu, unaomboleza ule wimbo wa siku ya sita, ambao unahisi mtaalamu alikunyang'anya. Niruhusu nianze na huo, kwa kuwa nadhani ndio unaoumia zaidi.

Alichokuambia ni kweli, na ni cha zamani kuliko unavyofikiri. Mwaka 1745 mwandishi mmoja wa Uswidi, Olof Dalin, aliandika habari za mtu aliyepooza upande wa kulia akapoteza usemi, lakini akaweza kuimba nyimbo za kanisa alizozijua kabla ya kuugua, mradi mtu amsaidie kuanza. (Uswidi, kama unavyojua, ndiko walikotoka wamisionari walioanzisha baadhi ya makanisa ya Kipentekoste hapa Kivu katika miaka ya 1920, sijui wangapi kati yao walijua habari hiyo.) Sasa nakuuliza swali ambalo sitakujibia: kwa nini kujua njia ambayo wimbo uliipitia kulifanya uone kwamba hakuna aliyeutuma? Ulipojifungua watoto wako ulijua jinsi mimba inavyokua, na bado ulimshukuru Mungu kwa kila mmoja. Tena, nyimbo zile zilikuwa zimewekwa ndani yako kwa miaka kumi na tisa ya mazoezi ya jioni, uchovu wa soko ukiwa mgongoni. Siku uliyonyang'anywa maneno, kulikuwa na kitu kilichobaki kwa kuwa ulikuwa umekiweka. Mtaalamu alieleza ubongo. Sioni kwamba aligusa habari ya nani alikuwa nawe kitandani.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hakupata nafasi ya kukuambia. Huko Boston, Marekani, katika miaka ya 1970, wataalamu waligeuza jambo hilo hilo kuwa njia ya kurudisha usemi. Mgonjwa huimba sentensi fupi za kila siku, kama vile “naomba maji” au “karibu ukae”, kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, huku akigonga polepole kwa mkono wa kushoto. Kisha, kwa muda mrefu, wimbo unapunguzwa mpaka yabaki maneno. Haifanikiwi kwa kila mtu wala haifanikiwi haraka. Lakini ningependa umuulize mtaalamu wako kama inakufaa, maana sijui mgonjwa aliyejiandaa kwa kazi hiyo kuliko kiongozi wa kwaya. Ni kweli kwamba nafuu huja kwa kasi zaidi katika miezi mitatu ya kwanza, lakini usemi unaweza kuendelea kurudi kidogo kidogo hata baada ya miaka, kwa hiyo miezi saba si mwisho wa safari.

Kuhusu vidonge, mimi si daktari, na hapa sitazunguka: usiviache wala usivipunguze bila yeye aliyekuandikia. Shinikizo la damu lina ujanja wa kutouma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima walio nalo hawajui, kama wewe ulivyokuwa hujui mpaka siku ya birika. Vidonge hulishikilia lisipande. Vikiachwa, linarudi, na mara nyingi mtu hahisi chochote. Zile siku tisa zilikuonyesha hivyo kwa tarakimu. Aliyekwisha kupata kiharusi yuko katika hatari kubwa ya kukipata tena, na cha pili mara nyingi huchukua kile ambacho cha kwanza kilikiacha. Ukiona tena mdomo unakwenda upande, mkono unalegea au maneno yanavurugika ghafla, upelekwe hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na hata kama maombi yanaendelea.

Najua kwamba maneno hayo hayajibu hofu yako, kwa kuwa hofu yako haihusu damu. Inahusu Misri. Mama wa chumba cha maombi hakulitoa neno hilo hewani. Isaya, katika sura ya 31, anawaonya wanaoshuka Misri kutafuta msaada. Lakini wanaoonywa pale ni watu waliotumaini farasi na magari ya vita. Na ni Isaya huyo huyo, katika sura ya 38, aliyeagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia ili apone, ilhali Mungu alikuwa amekwisha kuahidi kumwongezea miaka kumi na mitano. Ahadi ilikuwepo, na dawa ikawekwa. Sitaki kukuficha upande wa pili: mfalme Asa analaumiwa kwa sababu katika ugonjwa wake aliwatafuta waganga wala hakumtafuta Bwana. Jiulize mwenyewe kama hiyo ni picha yako, wewe uliyepakwa mafuta jioni ile ile uliyoimba. Hapa mjini mfano tunao. Daktari Denis Mukwege, aliyeanzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu. Amesimulia kwamba akiwa mdogo alimfuata babake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa, akashangaa kwamba baba anaomba tu wala hatoi dawa. Baba alimweleza kwamba yeye si daktari. Mtoto akaamua kwamba yeye atakuwa mwenye kutoa dawa, na baba ataendelea kuomba. Katika nyumba ile hakuna aliyeona kamba mbili.

Hata hivyo, usimhesabu mama huyo kuwa adui. Huenda ni miongoni mwa waliotuma fedha zao za mwisho. Watu waliokesha wakikuombea wanatamani kuona mwisho wa kesha lao, na mtu mwenye shauku namna hiyo huona mwisho kabla haujafika.

Sasa tufike kwenye ibada yenyewe. Katika barua yako nzima sikuona mahali ambapo umemweleza mchungaji hali yako. Umeandika kwamba anataka ushuhudie uponyaji kamili, lakini je, anajua kwamba haujakamilika? Yeye anachokiona ni mama anayeimba Jumapili bila kukwama, na mkono hauoni kwa sababu umo ndani ya kitenge. Inawezekana kwamba unamwogopa mtu ambaye bado hajapewa nafasi ya kukuelewa. Inawezekana pia kwamba anajua kidogo na hataki kujua zaidi, kwa kuwa wageni wamekwisha kualikwa. Wachungaji nao ni binadamu. Wewe unamfahamu, mimi simfahamu.

Ukishuhudia kama unavyoombwa, amani itapatikana siku hiyo, na deni la shukrani litaonekana limelipwa. Mume wako anauliza nani atapungukiwa. Anauliza kwa upendo na kwa uchovu, lakini mimi nawafikiria wale walio kwenye mabenchi. Katika ibada ya makanisa kadhaa hawatakosekana watu wenye tansio, wenye kisukari, wenye vidonge vyao nyumbani. Wakikuona unaviweka vyako mbele ya madhabahu, baadhi yao watafanya vivyo hivyo, na hutakuwepo kuwapima baada ya siku tisa. Na wewe utalazimika kuuishi ushuhuda huo kila Jumatatu. Kila neno litakalokukwama litakuwa siri, na hatimaye utaanza kukimbia mazungumzo, ambayo ndiyo mazoezi unayoyahitaji kuliko yote.

Ukikataa kabisa, au ukisema kwamba unaumwa siku hiyo, utakuwa umejilinda, lakini unaweza kuonekana mtu asiye na shukrani, na minong'ono ya kwetu hukuanza kuijua leo. Zaidi ya hayo, nadhani moyo wako mwenyewe utabaki na kiu, kwa sababu una jambo la kushukuru na unataka kulisema.

Njia nyingine ni kwenda kwa mchungaji mapema, wiki hizi, nyumbani kwake na si baada ya ibada watu wakipita, ukiwa na mume wako na binti yako, na mkono wako ukiwa nje ya kitenge. Mwache asikie jinsi unavyosema. Unaweza kumwonyesha kitabu cha kituo cha afya chenye zile tarakimu. Unaweza pia kumkumbusha, au binti yako akusomee, habari ya yule kipofu wa Bethsaida katika Marko sura ya 8. Yesu alimwekea mikono, kisha akamuuliza kama anaona kitu, naye akajibu kwamba anaona watu kama miti inayotembea. Nimekuwa nikimpenda sana mtu huyo kwa jibu lake. Angeweza kusema, mbele ya aliyemshika mkono, kwamba anaona vizuri, ili asimwaibishe. Alisema alichokiona, na hakukemewa kwa kukosa imani. Aliwekewa mikono mara ya pili. Hatari ya njia hii ni kwamba mchungaji anaweza kukasirika, au kukusikiliza vizuri halafu siku ya ibada akasema yake kwenye kipaza sauti. Mume wako anaweza kuona umemdhalilisha, na kwa sababu hiyo ningemwomba ushauri yeye kwanza, na kumwambia habari ya siku tisa kama hajaijua.

Kama mchungaji akikubali, ushuhuda wenyewe unaweza kuchukua sura nyingi. Binti yako anaweza kusoma ulichokiandika. Unaweza kuimba ubeti ule wa pili, kisha ukasema kwa maneno yako, yanayokwama, siku ile ilikuwaje, nani walikubeba kwa kiti, nani walilipa, na ni nini kilichobaki. Hilo litahitaji ujasiri mkubwa, kwa kuwa kanisa litasikia kwa mara ya kwanza sauti yako ilivyo, na baadhi yao hawatajua wafanye nini na sauti hiyo. Usijilazimishe kama bado hujawa tayari. Ibada ya shukrani inaweza kufanyika mwaka ujao pia. Na kuhusu deni, wale wajane walituma fedha zao ili uishi. Sijasoma popote katika barua yako kwamba walituma ili upone kwa tarehe fulani.

Uliuliza kama imani yako ni ndogo. Mimi sina mizani ya kuipima, na sidhani kwamba mama wa maombi anayo. Naona tu kwamba mtu aliyeogopa kulala amelala, na kwamba kila Jumapili anasimama tena mahali pale pale alipokuwa akisimama kabla ya kuugua. Kama machozi yanakujia bila sababu, au kama asubuhi huoni haja ya kuamka, mwambie daktari hilo pia. Takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupitia huzuni nzito ya namna hiyo, na inatibika.

Kabla ya yote, wiki hii nenda ukapimwe tena, na vidonge vitoke kwenye kopo vikae mahali ambapo nyumba nzima inaviona. Kisha niandikie ilivyokuwa kwa mchungaji, kama utakwenda. Ukiniandikia, usimwombe binti yako azinyooshe sentensi zote. Niachie mbili tatu kama zilivyotoka.

Mama Mshauri